Bandeji ya Mgeni Rasmi

Ijumaa alasiri Semeni alianza kutetemeka. Si ule mtetemo wa mtoto aliyefunuliwa shuka asubuhi. Meno yaligongana, kitanda cha chuma kikawa kinalia, na kina mama wa vitanda vya jirani wakageuza shingo kutazama. Tatu binti Mfaume alikuwa upande wa pili wa wodi akigawa uji. Aliposikia kile kitanda, upawa ulimponyoka ukazama ndani ya sufuria. Watu wote walitazama uso wa mtoto. Tatu alitazama mguu.

Mguuni, juu kidogo ya kifundo, palikuwa na bandeji nyeupe pepepe, imefungwa kwa ustadi, na juu ya plasta imeandikwa tarehe ya jana na herufi T. Mwandiko wake mwenyewe. Chini ya bandeji ile mrija mwembamba wa plastiki uliingia kwenye mshipa wa mtoto. "Ya Rabi, nimeua," Tatu alisema kimoyomoyo, na tangu hapo hofu ikamkalia kifuani haikutoka.

Hebu tuanze pale uchafu ulipoanza, yaani pale watu walipotaka kuonekana wasafi.

Ilikuwa mwaka sabini na tano, katika hospitali moja ya Tabora ambayo jina lake tuliache; waliokuwepo wanaijua, na wasiokuwepo halitawasaidia kitu. Tatu alikuwa muuguzi msaidizi, msichana wa miaka ishirini na miwili, mtoto wa fundi cherehani wa mtaa wa Ng'ambo. Surua ilikuwa imepita mjini ikifagia watoto, na ikishamwacha mtoto inamwachia kuhara. Semeni, wa miaka mitatu, mjukuu wa Bimdogo wa ile familia ya Waarabu wenye maduka karibu na soko, aliletwa amekauka kama ubua. Mishipa yote ilikuwa imezama. Daktari Abasi alijaribu mikono, hola. Akajaribu mguu wa kulia, hola. Mwisho akachana ngozi ya kifundo cha kushoto, akautafuta mshipa kwa macho, akaingiza mrija na kuushona kwa uzi. Maji yakaanza kuingia tone kwa tone. Siku ya tatu mtoto akafumbua macho akaomba chungwa.

Mkuu wa wodi alikuwa Sista Marcelina, mwanamke mrefu, mkavu, aliyefunzwa na watawa wa misheni. Akikutazama tu unajikuta umeficha kucha. Somo lake la kwanza kwa kila mgeni wa kazi lilikuwa la mrija. "Huu ni mlango," alikuwa akisema. "Mmetoboa mlango wa kuingilia kwenye damu ya mtoto wa watu. Kila mkifunua bandeji mnapiga hodi kwa niaba ya vijidudu. Bandeji ikiwa kavu, imeshika, haina doa, iacheni! Ikilowa au ikibanduka, nawa mpaka kwenye viwiko, tumia koleo, tumia shashi iliyopikwa. Basi."

Shashi zilikaa kwenye madebe ya bati ya mviringo, yenye matundu ubavuni na ukanda wa bati unaoteleza kuyafunika. Debe likiingia kwenye jiko la mvuke, matundu huachwa wazi ili mvuke upenye. Likitoka tu, yanafungwa. Kwa hiyo debe lenye matundu wazi halijapikwa, na lililofungwa limepikwa. Hata mfagiaji alilijua hilo. Mpishi wa madebe alikuwa Mzee Ngollo, na hakuwa mtu wa kukosea.

Sasa, Alhamisi ile kulikuwa na mgeni rasmi, mkubwa kutoka Dar es Salaam, anakuja kwa treni. Tangu Jumatatu hospitali nzima ilikuwa inapakwa chokaa. Kuta chokaa, mawe ya njiani chokaa, almanusura wapake na kuku wa jirani. Mkuu wa hospitali alipita akisema anataka kila kitu kiwe cheupe. Na Sista Marcelina, yule yule wa mlango na hodi, akaamka Alhamisi akatangaza, "Badilisheni bandeji zote. Sitaki kuona doa."

Mwanajuma, muuguzi mwenzake Tatu, akathubutu kuuliza, "Hata za mirija, Sista?"

"Zote ni zote, Mwanajuma."

Hofu ya wakubwa ina mambo. Inamsahaulisha mtu alichokifundisha miaka kumi.

Tatu alipofika kwa Semeni, kitanda cha mwisho, madebe yote yalikuwa yamekwisha. Akakimbilia kwenye jiko la mvuke. Mzee Ngollo hayupo. Alikuwa balozi wa nyumba kumi, ameitwa stesheni kushika bendera. Jiko lilikuwa baridi, na mbele yake debe moja, kifuniko kimebanduka rangi, limejaa shashi, matundu wazi, linasubiri. Mjini honi za magari ya msafara zilishaanza kulia. Tatu akasimama na lile debe mikononi. Shashi zenyewe ni nyeupe, zimefuliwa, kazikunja yeye mwenyewe jana yake. Zitakuwa na nini? Akausukuma ule ukanda kwa kidole gumba, matundu yakafunga.

Bandeji aliyoikuta mguuni mwa Semeni ilikuwa na alama ya manjano ya dawa pembeni, basi. Ilikuwa kavu, imeshika. Akaifunua, akaweka ya kwake. Sista Marcelina alipita, akatazama debe, akaona matundu yamefungwa, akasema, "Vizuri, Tatu." Kisha akalibeba mwenyewe akalipanga rafuni pamoja na yale yaliyopikwa. Tatu alifungua mdomo aseme. Honi zikalia getini, akaufunga.

Na mgeni rasmi? Aliambiwa wodi ile ina surua, akapunga mkono akiwa kule barazani, akasema hongereni sana kwa usafi, akaenda zake kula pilau. Hata kizingiti hakukivuka!

Basi ndiyo ile Ijumaa. Daktari Abasi alikuja mbio, akamshika mtoto paji la uso, akatazama kope, akasema, "Malaria." Huwezi kumlaumu. Tabora ukipata homa ni malaria mpaka ithibitike vingine. Akaagiza sindano ya kwinini. Kisha akausogelea mguu. "Na mrija je?"

"Umefungwa jana, Daktari, kwa shashi iliyopikwa," Sista Marcelina alisema. "Bandeji safi hatufunui."

"Vyema. Utunzeni huo mrija. Ukitoka, kimebaki kimshipa kimoja kichwani, chembamba kama uzi. Nikikikosa hicho, maji hayana pa kupitia, na bila maji huyu mtoto hafiki kesho."

Tatu aliyasikia yote akiwa amesimama hatua mbili tu pembeni. Hapo hofu yake ikazaa hofu nyingine. Akinyamaza, uozo utapita mrijani mpaka moyoni. Akisema, mrija utang'olewa, na mtoto anaweza kufa papo hapo kwa kukosa mshipa, na aliyeung'oa atakuwa ni yeye kwa ulimi wake. Alijiambia huenda kweli ni malaria. Mbu si wamejaa? Aliishika ile malaria kama mtu anayezama anavyoshika unyasi. Na tuseme kweli yote: alihofia pia kazi yake, na baba yake aliyeambia Ng'ambo nzima kwamba binti yake anavaa sare ya serikali.

Bimdogo, bibi wa mtoto, alimshika mkono wakati anapita. "Mwanangu Tatu," alisema, "nimekuona jana ulivyomhudumia mjukuu wangu, umemfunga akapendeza kama bibi harusi. Mungu aibariki mikono yako hii, akupe na mume mwenye imani."

"Amina, bibi," Tatu alijibu, akaificha mikono yenyewe mgongoni.

Zeyana, mama wa mtoto, hakuwa msemaji. Alikaa chini kando ya kitanda, kiganja chake chini ya unyayo wa mwanawe, kama anayeusikiliza. Alimtazama Tatu. "Dada Tatu, mbona wewe unatazama mguu tu?"

"Natazama kama plasta imeshika."

"Imeshika?"

"Imeshika."

Usiku ule Tatu hakulala, na usiku wenyewe hauna hadithi.

Jumamosi asubuhi Semeni alikuwa amelala macho nusu wazi, midomo imepasuka, pumzi juu juu. Zeyana alimwita kwa jina lake, akamwita kwa jina la utani la nyumbani, akamwahidi chungwa. Hakugeuka. Kwinini imeingia mara mbili na moto wa homa uko pale pale. Tatu alisimama mbele ya chupa ya maji akitazama matone yakishuka. Kila tone lilipita chini ya bandeji yake kabla ya kuingia kwa mtoto. Alihesabu saba, akashindwa kuendelea.

Nyuma yake alisikia sauti ya Katarina, mama mmoja wa Ziba aliyekuwa na mtoto mchanga wa miezi mitano, naye ana mrija mguuni. "Mwangaluka, dada," aliamkia kwa lugha ya kwao. "Mtoto kacheua, bandeji imelowa."

"Nakuja, mama," Mwanajuma alijibu. "Naibadilisha sasa hivi."

Tatu akageuka. Mwanajuma alikuwa anakuja na debe mkononi, limefungwa matundu vizuri, kifuniko kimebanduka rangi upande mmoja. Lilikuwa debe lile lile, ambalo kwa hofu ya Semeni alikuwa amelisahau rafuni. Mwanajuma alikuwa ameshanawa, koleo tayari, anafuata kila sheria, na anapeleka kifo kwa mtoto wa pili kwa adabu zote.

"Usilifungue!"

Wodi nzima iliruka. Tatu alikuwa ameshavuka vitanda vitatu, kalipiga lile debe kofi, likaanguka, shashi zikatapakaa sakafuni mpaka chini ya vitanda.

"Una wazimu wewe?" Mwanajuma alifoka.

"Halijapikwa! Nakwambia halijapikwa! Matundu nimeyafunga mimi mwenyewe, jiko lilikuwa baridi. Ya Semeni niliitoa humo. Si malaria ile. Ni mimi."

Basi tena, limeshatoka. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakusema inavyouma kujiumbua mwenyewe mbele ya kadamnasi. Sista Marcelina alitokea mlangoni. Tatu alisubiri kofi, na alilitaka, maana kofi lingekuwa afadhali. Sista alizitazama shashi sakafuni, akauliza kwa sauti ndogo sana, "Wangapi?"

"Mmoja, Sista. Semeni peke yake."

"Una hakika?"

"Wallahi Semeni peke yake."

Sista Marcelina akakimbia. Hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, hata siku ya moto wa jikoni.

Daktari Abasi alipoikata ile bandeji, ilikuwa bado nyeupe kwa juu. Chini yake ngozi imevimba na kung'aa, uzi umezama kwenye usaha, na mstari mwekundu umeanza kupanda kwenye muundi kuelekea gotini. La kuvunda halina ubani. Zeyana aliona, hakulia, alivuta tu pumzi ndefu. Daktari alitukana kimyakimya, akakata uzi, akauvuta mrija. Matone kwenye chupa yakakoma.

"Wembe," alisema. "Nyoeni hapa juu ya sikio. Nani anashika miguu?"

Hakuna aliyesogea, mikono yote ilikuwa na kazi. Tatu akaenda akashika miguu, kwa kuwa palikosekana mwingine.

Sindano ya kwanza ilikosa. Daktari akafuta jasho kwa bega. Ya pili iliingia, damu ikachungulia, kisha ngozi ikatuna kama kijipu, mshipa umepasuka. Kilibaki kipande cha upana wa ukucha. Tatu alikuwa amefumba macho. Mikononi mwake ile miguu midogo ilikuwa haipigi teke, haivuti, imelegea kabisa, na huo ulegevu ndio uliomtisha kuliko yote. Mtoto anayechomwa kichwani na hapigi teke ameshaanza safari. Alitamani teke moja tu. Alisoma kila dua aliyofundishwa madrasa akazichanganya mwanzo na mwisho.

"Shika hivyo hivyo," daktari alinong'ona. "Imeingia. Fungua maji. Taratibu, jamani, taratibu."

Tone la kwanza likaanguka.

Wakampa penisilini na kloramfeniko, wakaandika, wakasubiri. Daktari alipouliza habari ya zile bandeji, Sista Marcelina alisimama wima akasema, "Amri ya kubadilisha ilikuwa yangu. Hakuna bandeji hata moja iliyohitaji kuguswa. Andika jina langu juu, la huyu msichana chini." Tatu aliondolewa kwa wagonjwa akapelekwa kuosha mabeseni huko nyuma, kungoja barua.

Bimdogo hakungoja barua. Alimfuata mpaka kwenye mabeseni, buibui limemshuka mabegani, uso umemwiva. "Mikono hii niliiombea dua!" alipiga kelele. "Nimeiombea dua kwa kinywa changu, kumbe umeshamtilia mjukuu wangu sumu! Umemfunga ili apendeze kwa nani? Kwa mgeni? Mgeni wa nani? Usimguse tena, umesikia? Usimguse mpaka siku tutakayosimama mbele ya Mola."

"Nimesikia, bibi." Mwiba wa kujichoma hauna pole.

Jumapili nzima mtoto aliwaka. Kila mlango wa wodi ulipofunguliwa Tatu aliacha kusugua akasikiliza kama kuna mwanamke anayepiga yowe. Jumatatu vilevile. Jumatatu jioni Mwanajuma, ambaye alikuwa hajamsemesha, alipita na ndoo akasema bila kumtazama, "Homa imeshuka kidogo. Lakini haongei, hatazami mtu. Daktari anaogopa isije ikawa imepanda kichwani." Hata hicho kidogo Tatu aliogopa kukifurahia.

Jumanne kabla ya adhuhuri Semeni alitapika, matapishi yakaingia kwenye bandeji ya kichwani. Hii sasa ilikuwa lazima ibadilishwe. Sista Marcelina aliandaa kila kitu mwenyewe, akanawa mwenyewe, akaja. Zeyana akaweka mkono juu ya kichwa cha mwanawe.

"Simtaki yeyote," alisema. "Niitieni Tatu."

Bimdogo alishika kifua. "Zeyana! Umerogwa?"

"Sijarogwa, mama." Ilikuwa mara ya kwanza wodi kumsikia akisema maneno mengi. "Ijumaa Sista alikuwa na hakika. Daktari alikuwa na hakika. Hata wewe ulikuwa na hakika, ukamwombea dua. Aliyekuwa anaogopa ni yule mmoja. Nilimwona, macho yake hayakutoka mguuni. Mimi nataka mtu anayeogopa ndiye amguse mwanangu."

Sista Marcelina alisimama na mikono yake mibichi hewani. Uso wake ulibadilika, akatazama chini. Kisha akamwambia Mwanajuma, "Nenda ukamwite."

Tatu alikuja na aproni imelowa, na alipoambiwa kwa nini ameitwa alitaka kurudi alikotoka. "Siwezi, Sista. Tazama mikono yangu." Ilikuwa inatetemeka kweli.

"Naiona," Sista alisema. "Nenda ukainawe."

Alinawa mpaka kwenye viwiko, akasuuza, akanawa tena. Alikwenda kwa Mzee Ngollo akaweka kiganja kwenye debe, akalikuta bado lina moto, akamwuliza, "Limepikwa, mzee?" Mzee akasema limepikwa. Akauliza tena. Mzee akamwonyesha saa ukutani, akamwambia limeingia saa ngapi na limetoka saa ngapi. Ndipo akalichukua.

Bimdogo alikuwa amesimama kando, tasbihi haisogei kidoleni. Tatu alishika pembe ya plasta. Hofu ilimjia kali kuliko ya Ijumaa, maana Ijumaa alijua kilichomo, na leo hajui. Kukiwa na wekundu hapa, hakuna mshipa mwingine. Akabandua plasta polepole, nywele zilizoanza kuota zikavutika, akainua shashi kwa koleo.

Ngozi ilikuwa kavu. Palikuwa na kitundu kidogo na mrija, basi. Akainama karibu kabisa, akatazama kulia na kushoto, akanusa. Kukavu. Akapitisha spiriti kuanzia katikati kwenda nje, kile kibaridi kikamgusa mtoto karibu na sikio.

Semeni akakunja uso. Akavuta mguu, akamtupia Tatu teke, si kubwa, teke la mgonjwa. Macho yakafumbuka yakamtazama yule mwanamke anayemsumbua kichwani.

"Toka," alisema.

Sauti ilikuwa ya kukwaruza, lakini wodi nzima iliisikia. Zeyana alijiziba mdomo kwa kanga. Bimdogo akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, hajui afanye lipi kwanza, akisema, "Kasema toka! Mmesikia? Kamfukuza!" Tatu alimaliza kufunga, akabandika plasta, akakagua pembe zote nne, akaandika tarehe.

Kisha akatoka, kama alivyoambiwa. Alifika kwenye ngazi za nje, akakaa pale pale akalia kwa sauti, mabega yanaruka, mpaka Mzee Ngollo akaacha jiko lake akaja anachechemea, uso umemshuka.

"Nani amekufa, mwanangu?" aliuliza.

Tatu alitikisa kichwa.

"Hakuna, mzee," alisema. "Hakuna aliyekufa."